Yesu Yupi? Jinsi ya kubuni tatoo ya kidini kwa nyeusi na kijivu

"Fundi, nataka Yesu."

Hakuna sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko hii tangu nishike mashine. Mtu anaketi, anakunja mkono wa shati, anaugeuza mkono nione upande wa ndani ambako mishipa inaonekana, kisha anasema anataka Yesu. Nami namuuliza: Yesu yupi, kaka? Wa msalabani au mfufuka? Mwenye taji la miiba, au yule anayeinua mkono kubariki? Mchungaji aliyebeba kondoo begani? Mtoto mapajani mwa mama yake? Hapo wengi hukaa kimya, halafu hutoa simu na kunionyesha picha ileile: kichwa kimelala upande, macho yanatazama juu, tone la damu kwenye paji la uso.

Si picha mbaya. Nimeichora, na nitaichora tena. Lakini mteja ameichukua kwa kuwa ndiyo ya kwanza kutokea alipotafuta, na nikiipokea bila swali nitakuwa nimenakili tu. Kwa hiyo kabla ya penseli kuna maongezi. Muulize anasali vipi, kama anasali. Muulize tatoo ni shukrani, ni kilio, ni ahadi, au ni kumbukumbu ya mtu. Kijana mmoja aliniomba Malaika Mkuu Mikaeli "mwenye sura ya kutisha". Tulipoongea, kumbe ana miaka minne tangu aache pombe. Nikamwonyesha Mikaeli wa mchoraji Guido Reni, picha ya miaka ya 1630 iliyoko kanisa la Wakapuchini la Santa Maria della Concezione huko Roma. Malaika amemkanyaga shetani kichwani, ameinua upanga, ameshika mnyororo, na uso wake ni mtulivu kama wa mtu anayeshuka ngazi nyumbani kwake. Kijana aliutazama kwa muda, akasema, "Huyu. Huyu hana haja ya kukasirika." Ule mnyororo tuliusogeza mbele, ukawa ndio kitu cha kwanza jicho linachokutana nacho.

Rangi hakuna, maana utaipata wapi?

Wachoraji wa makanisani walikuwa na rangi za kuwabeba. Vazi la bluu, umeshajua ni Maria. Dhahabu nyuma ya kichwa, mtakatifu. Nyekundu, damu au moto. Sisi tuna wino mweusi, maji, na ngozi ya mteja. Ukiondoa rangi usiweke kitu mahali pake, Maria anakuwa mwanamke yeyote aliyejitanda shela, na Moyo Mtakatifu unakuwa kitunguu. Sitanii. Kitunguu nimekichora mwenyewe, mwaka wangu wa pili, kwenye kifua cha mtu, na sikukiona mpaka nilipokipiga picha kikiwa kimepona.

Maana inarudi kwa umbo, kwa kile ambacho mhusika anakishika au kukikanyaga, na zaidi ya yote kwa mwanga: unatoka wapi, na unamwangukia nani. Ukiamua hilo mapema, nusu ya kazi imeisha.

Mtindo wenyewe ulizaliwa kwenye upungufu huohuo. Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliokuwa magerezani California walijiundia mashine kwa mota ya kinasa sauti na uzi wa gitaa ulionolewa, wino wakautoa kwenye masizi. Rangi nyingine hawakuwa nayo. Sindano ilikuwa moja, kwa hiyo mistari ilikuwa myembamba na kivuli kilijengwa polepole, na walichora yale yaliyokuwa ukutani kwa mama zao: Bikira wa Guadalupe, mikono inayosali, uso wa Kristo. Mwaka 1975 Charlie Cartwright na Jack Rudy walifungua Good Time Charlie's Tattooland huko East Los Angeles, wakauingiza mtindo huo dukani, na baadaye akajiunga nao Freddy Negrete, ambaye alikuwa amejifunzia kifungoni. Ndiyo maana ukichukua kitabu chochote cha sampuli za nyeusi na kijivu, kurasa za kwanza zinanukia ubani.

Moyo Mtakatifu, kwa karibu

Nauchukua huu kwa urefu kwa sababu ukiuweza, mengine yote yanafuata.

Ibada ya Moyo Mtakatifu ilienea kutokana na maono ya Margaret Mary Alacoque, mtawa wa Paray-le-Monial huko Ufaransa, kati ya 1673 na 1675. Moyo huu una jeraha ubavuni, taji la miiba linaloufunga, miali ya moto inayotoka juu, na msalaba uliosimama ndani ya moto. Ukiacha jeraha, umebaki na pambo la kadi ya wapendanao. Ukiweka upanga na maua ya waridi badala ya miiba, umechora moyo mwingine kabisa, Moyo Safi wa Maria. Upanga ule ni wa unabii wa Simeoni katika Luka 2:35. Mteja aliyeomba wa Yesu akaondoka na wa Maria anaweza asijue kwa miaka. Shangazi yake atajua siku ya kwanza.

Sasa, moto usiuchore. Chora giza linaloukumba moto. Kila mwali uwe ngozi tupu, na wino mzito uje ukome ukingoni mwake bila mstari. Kwenye kitako cha mwali, pale unapotoka moyoni, pitisha kijivu chepesi mno, kama pumzi kwenye kioo. Ncha iache kama ilivyo. Anayeanza huzungushia kila mwali mstari mweusi, na matokeo yake ni majani ya nanasi juu ya kitunguu.

Moto uko juu, basi mwanga unashuka. Mabega ya moyo yang'ae, tumbo lizame gizani. Kila mwiba utupe kivuli chini yake, kuelekea ncha ya moyo, na kivuli kipinde kufuata mviringo wa nyama. Hapo ndipo taji linaonekana limebana kweli na halikuwekwa juu kama mkufu. Jeraha liwe sehemu nyeusi kuliko zote kwenye kazi nzima. Mdomo wake wa chini uuachie uzi wa ngozi, mwembamba, kwa kuwa mwanga wa juu unagonga pale. Na tone la damu lina mpangilio wake: nukta ya ngozi juu, giza likifuata, kisha kijivu kinachofunguka kuelekea chini, halafu kivuli cheusi nje ya tone. Matone mawili yanatosha. Matano ni bomba linalovuja.

Bikira wa Guadalupe na utepe unaosahaulika

Mapokeo yanasema Juan Diego alitokewa na Bikira kwenye kilima cha Tepeyac mwaka 1531, na sura yake ikabaki kwenye joho lake, ambalo leo limetundikwa katika basilika iliyoko Mexico City. Miali imemzunguka mwili mzima, mwezi mwandamo uko chini ya miguu, malaika anambeba kwa chini, shela imejaa nyota. Na juu ya tumbo kuna utepe mweusi uliofungwa, unaosomwa kama ishara kwamba ana mimba. Picha nyingi ninazoletewa zimeshaupoteza utepe huo kwa kunakiliwa na kunakiliwa tena. Urudishe. Ni kitu ambacho tangu mwanzo kilikuwa cheusi. Wino wetu hauhitaji kukitafsiri.

Shela ya bluu-kijani iwe nzito kuliko kanzu ya waridi iliyo ndani, ngazi mbili za giza angalau, ili mtu aone nguo mbili. Nyota zibaki ngozi. Shela ya asili inahesabiwa kuwa na nyota 46, na kwenye kigasha hazitaenea; ukilazimisha, wino utatambaa chini ya ngozi mwaka hadi mwaka na kuziziba moja moja. Chora kumi, kila moja isipungue ukubwa wa punje ya mtama, na uzifuatishe mikunjo ya kitambaa. Nyota isiyojipinda pamoja na mkunjo inaonekana kama kibandiko.

Mikono ya Dürer, na somo la karatasi ya bluu

Mikono inayosali ambayo kila duka linayo ukutani ni ya mchoraji Albrecht Dürer, 1508, na iko jumba la makumbusho la Albertina huko Vienna. Ilikuwa maandalizi tu ya mtume mmoja katika picha ya madhabahu aliyoagizwa na Jakob Heller wa Frankfurt. Sehemu ya kati ya picha ile iliungua mwaka 1729, mikono ikabaki.

Itazame jinsi ilivyofanywa. Karatasi ni ya bluu, na hiyo bluu ndiyo kijivu chake cha kati. Giza aliliongeza kwa brashi, nuru akaiongeza kwa nyeupe. Sisi nyeupe hiyo hatuna. Wino mweupe upo, nautumia mwishoni kabisa, nukta mbili tatu kwenye kucha au kwenye jicho, lakini hufifia na hugeuka manjano, hivyo usijenge nyumba juu yake. Nuru yetu ya juu kabisa ni ngozi yenyewe. Kwa hiyo ukinakili mchoro wa Dürer kama ulivyo, mikono itatoka mizito kama ya jiwe. Sogeza kila kivuli ngazi moja kuelekea kwenye mwanga, na weusi kamili uuhifadhi kwa nafasi kati ya vidole na chini ya pindo la mikono ya kanzu.

Kwa mteja mwenye ngozi nyeusi hesabu inabadilika tena, na hapa mafundi wengi huharibu. Ngozi yake tayari iko mahali pa karatasi ya Dürer: ni rangi ya kati. Vijivu vyepesi vitatoweka vikipona, utakuwa umemuumiza bure. Mimi hutumia ngazi tatu tu: ngozi, kijivu kimoja kizito, na weusi. Nakuza mchoro, napunguza vitu, naacha nafasi tupu pana kati ya umbo na umbo. Mikono bila rozari, bila mawingu, bila ngazi ya kwenda mbinguni. Inasomeka kutoka upande wa pili wa chumba.

Hesabu punje

Rozari ina punje 59: mafungu matano ya kumi, punje kubwa nne kati yake, na tano kwenye mkia unaoshuka hadi msalabani. Nimeijua hesabu hii kwa njia ya aibu. Nilimchorea dada mmoja rozari ya mama yake marehemu, imezungushwa kifundo cha mkono na kupanda. Akarudi baada ya mwezi, hakukasirika, akaniambia tu: "Fundi, nikifika fungu la tatu napotea." Sikuelewa. Akaweka kidole juu ya ngozi na kuanza kupitisha, punje kwa punje, midomo ikicheza. Alikuwa anasalia tatoo. Na fungu la tatu lilikuwa na punje kumi na moja.

Ile ya kumi na moja niliigeuza jani la waridi, na alama ya waridi ni ya Maria hata hivyo, kwa hiyo imekaa vizuri. Tangu siku ile nahesabu kwenye karatasi, kwenye stensili (karatasi inayohamishia mchoro kwenye ngozi), na kwenye ngozi kabla ya kuwasha mashine. Kama sehemu ya rozari inajificha nyuma ya mikono, hakikisha kile kinachoonekana kinaweza kukamilika kule nyuma. Hesabu ina maana kwa dini nyingine vilevile: tasbihi ya Kiislamu huwa na punje 33 au 99, mala ya Wahindu na Wabuddha 108.

Punje yenyewe ni rahisi. Nukta ya ngozi upande wa mwanga, giza upande wa pili, na kabla ya giza kufika ukingoni achia mwezi mwembamba wa kijivu. Huo mwezi ndio unaofanya punje iwe duara.

Wengine, kwa haraka

Funguo ni Petro. Msalaba uliopinduliwa pia ni Petro, kwa mapokeo kwamba aliomba asisulubiwe kama Bwana wake. Lakini watu wengi leo wanausoma kama ishara ya shetani, na mteja lazima ajue atakuwa akijieleza maisha yake yote. Mshale mwilini ni Sebastiano. Mwali wa moto juu ya kichwa na nishani kifuani ni Yuda Tadei. Simba mwenye mabawa ni Marko, ng'ombe mwenye mabawa ni Luka, tai ni Yohana, mtu mwenye mabawa ni Mathayo. Hawa wanne wanajaza vizuri pembe za kazi ya mgongo mzima. Yungiyungi ni usafi. Fuvu chini ya msalaba, ambalo wateja huniomba nilitoe kwa hofu, ni fuvu la Adamu kwa mapokeo, na Golgotha maana yake ni mahali pa fuvu. Nyoka hutegemea ameshikana na nini: kwenye mti wa Edeni ni anguko, kwenye mlingoti wa Musa katika Hesabu 21 ni uponyaji.

Taa moja tu

Chagua taa moja na uiandike kwa mshale pembeni mwa mchoro. Nasema hivi kwa sababu michoro mingi ya mkono mzima ni mkusanyiko wa picha tano kutoka mahali patano, kila moja na jua lake, na jicho linachoka bila kujua kwa nini.

Kwa kazi ya kidini taa ina mwenyewe. Tazama Kuitwa kwa Mathayo, picha ya mchoraji Caravaggio iliyoko kanisa la San Luigi dei Francesi huko Roma, ya 1599 hadi 1600. Ndani ya picha kuna dirisha, na dirisha lile haliangazi chochote. Mwanga unaingia kutoka upande aliosimama Kristo, juu ya kichwa chake, unafuata mkono wake hadi kwenye nyuso za watoza ushuru. Huhitaji malaika wala mawingu kumwambia mtu ni nani ameingia. Katika muundo wako jiulize ni nani chanzo. Kama ni Kristo, sura za wengine zimulikwe kutoka aliko yeye. Kama ni njiwa wa Roho Mtakatifu juu ya bega, basi kila kilicho chini yake kiwe na nuru kwa juu na kivuli kwa chini, hata ua la pembeni ambalo hakuna atakayeliangalia.

Duara la nuru nyuma ya kichwa lina mtego. Kama lingekuwa taa kweli, uso ungekuwa giza, kwa sababu mwanga uko nyuma yake. Usilichukulie kama taa. Liache ngozi tupu, lizungushie kijivu cha kati nje, na uso uupe mwanga wake kutoka mbele kwa pembe. La Kristo lina msalaba ndani yake, na hilo ndilo linalomtofautisha na mtakatifu yeyote mwenye ndevu. Nimeona mitume wengi wakitembea mitaani wakiitwa Yesu kwa kukosa mistari ile.

Na usiogope uso wenye pande mbili. Ikoni (picha takatifu ya makanisa ya Mashariki) ya Kristo iliyoko monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, ya karne ya 6, ina nusu moja ya uso pole na nusu nyingine kali. Ziba nusu kwa kiganja uone, kisha zibua na uzibe nyingine. Kwa nyeusi na kijivu hilo linafanyika kwa kivuli peke yake: upande mmoja laini, upande wa pili ukate shavu na nyusi kwa weusi mkali.

Vikombe vinne

Napanga vikombe vinne vya wino: mweusi mtupu, kisha vitatu nilivyozimua kwa maji safi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kizito kina nusu wino, cha kati robo, chepesi matone mawili tu. Jaribu kila kimoja kwenye karatasi nene kabla. Naanza na weusi, ili macho yangu yapate kipimo. Ukianza na vyepesi, ngozi inavimba na kuwa nyekundu, unadhani umeshafika kumbe bado. Kijivu kibichi kinadanganya pia: leo ni kizito, kikipona kimepauka. Mistari ya uso naifanya kwa sindano ya duara ndogo ya tatu, vivuli kwa sindano bapa ya magnamu iliyopinda, mkono ukizunguka viduara vidogo bila kukandamiza.

Uso mzima wa Kristo chini ya sentimita kumi sichori. Nimeshakubali zamani, na nimeshaona macho yale yakigeuka mabaka baada ya miaka.

Stensili inayosema uongo

Kamera ya mbele ya simu hugeuza picha, na stensili ikiwekwa vibaya hugeuza pia. Kwa ua hakuna tatizo. Kwa mtakatifu ni janga. Kristo wa ikoni hubariki kwa mkono wa kuume na Kitabu kiko kushoto. Ukigeuza, anabariki kwa kushoto. Jeraha la ubavu kwa mapokeo ya wachoraji liko upande wake wa kuume. Msalaba wa Waorthodoksi wa Urusi una ubao wa chini ulioinama, na ncha iliyoinuka iko kushoto kwako unayetazama, upande wa mwizi aliyetubu. Hesabu misumari pia: picha za Magharibi za baadaye humpa Kristo misumari mitatu, miguu ikiwa imepandana, ikoni za Mashariki hubaki na minne. Usichanganye vichwa na miguu ya mapokeo mawili.

Halafu kuna mwelekeo wa mwili. Mteja anataka msalaba kwenye kigasha, na anataka auone yeye ukiwa wima anapoinua mkono. Akishusha mkono, msalaba unasimama kichwa chini kwa kila anayemtazama. Msimamishe mbele ya kioo na stensili, mikono ikining'inia, aone mwenyewe. Wengi hubadilisha mawazo hapohapo. Wachache husema ni wa kwao na Mungu wao, wengine wageuze shingo, na hilo nalo ni jibu.

Maandishi, na pale ninapokataa

Aya iwe fupi. "BWANA ndiye mchungaji wangu" inatosha. Zaburi 23 yote kwenye mbavu itakuwa doa la kijivu lenye nia njema. Herufi ndogo iwe na tundu linalopitisha kichwa cha kiberiti, la sivyo "a" na "e" zitajifunga. INRI ni Kilatini, Yesu wa Nazareti Mfalme wa Wayahudi, na kwa Yohana 19:20 maandishi yalikuwa ya lugha tatu, hivyo mwenye nafasi anaweza kuziweka zote. Kiebrania na Kiarabu huandikwa kutoka kulia, na programu nyingi za kuchorea hupindua mpangilio na kuzitenganisha herufi za Kiarabu ambazo zinapaswa kushikana. Mtu anayeisoma lugha hiyo aikague kwenye karatasi. Tafsiri ya simu haihesabiki kama mtu.

Wapo watakaokuletea Walawi 19:28, inayokataza kujichora alama mwilini, na andiko lipo. Wapo pia Wakristo wa Kikopti wa Misri wanaochora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na mahujaji wa Yerusalemu ambao kwa karne nyingi wamepigwa alama kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Mimi si kasisi. Mteja akiwa anayumba, namwambia aende akaongee na anayemwamini kwenye dini yake, amana yake itamsubiri. Kwa Uislamu wanazuoni walio wengi wanakataza tatoo yenyewe, kwa hiyo aya ya Kurani siichori mwilini, hata kwa anayesisitiza. Buddha na Ganesha siwaweki chini ya kiuno. Kwa waumini miguu ni sehemu ya chini kwa kila maana. Na mteja anayesafiri ajue kwamba mwaka 2014 Sri Lanka ilimfukuza mtalii kutoka Uingereza kwa tatoo ya Buddha iliyokuwa mkononi mwake tu.

Kazi ikishapona juu, wiki tatu hivi, usiiguse bado. Namwita mteja baada ya miezi miwili, namkalisha dirishani kwenye mwanga wa mchana, nazima taa zote za duka. Hapo ndipo utaona ni mwali gani umezibwa, ni jeraha gani limepauka likawa kijivu. Weusi naurudishia mahali pake, sehemu mbili au tatu, kazi ya dakika ishirini. Kama kuna rozari, nahesabu tena kwa sauti, yeye akinisikiliza.